Tony Oxley na talaka isiyokuwapo

Mpiga dramu wa Kiingereza Tony Oxley alifariki tarehe 26 Desemba 2023 huko Viersen, mji mdogo wa magharibi mwa Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 85. Miezi sita kabla yake alikuwa ametangulia Peter Brötzmann, mpiga saksafoni wa Wuppertal, na Juni 2025 akafuata Louis Moholo, mpiga dramu, huko Cape Town. Kizazi kilichoanza katika miaka ya 1960 kupiga, barani Ulaya, jazi huru, yaani jazi isiyotangulizwa na wimbo wala kufuata mdundo wa kuhesabika kinaondoka mmoja mmoja, na kila anapoondoka mtu, tanzia zinazoandikwa hurudia hadithi ile ile: kwamba vijana wa Ulaya waliuvua muziki wa Wamarekani Weusi kama mtu anavyovua nguo ya kuazima, wakajishonea ya kwao. Wachambuzi wa Kijerumani waliipa hadithi hiyo jina tangu miaka ya 1970; waliiita ukombozi. Na kila ushahidi wa ukombozi huo unapotajwa, Oxley hakosi kuwamo, kwa kuwa hakuna mpiga dramu wa Kiingereza aliyekwenda mbali kuliko yeye katika kuvunja kila kitu ambacho sikio hukitarajia kutoka kwa dramu.

Nadhani hadithi hiyo imempindua. Maisha ya Oxley yakisomwa kwa mfuatano wake, badala ya kuokotwa santuri mbili tatu zinazotisha masikio, yanaonyesha mtu aliyefika mbali kwa sababu aliwatumikia wanamuziki wa Marekani usiku baada ya usiku kwa miaka, akajifunza ufundi wao hadi akaweza kuufungua vipande. Uhuru wake ni tawi la ufundi huo. Tena, alipofikia ukomavu, kazi zake zenye uzito zaidi alizifanya bega kwa bega na Wamarekani Weusi wawili, mpiga piano Cecil Taylor na mpiga tarumbeta Bill Dixon. Talaka na muziki wa Wamarekani Weusi inayosimuliwa katika tanzia haikuwahi kutolewa.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu, tangu enzi za Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz, neno jazi lilikuwa cheo cha bendi ya dansi, na aliyelipa kiingilio alijua anakwenda kucheza. Jazi ninayoizungumzia hapa ni muziki wa kukaa na kusikiliza, na ndani yake mpiga dramu wa miaka ya 1950 alikuwa na kazi inayojulikana. Mkono wa kulia unatembea juu ya toazi kubwa, ting, ting-ti-ting. Mguu wa kushoto unayafunga matoazi mawili yaliyopachikwa kwenye mti mmoja katika pigo la pili na la nne. Mkono wa kushoto na mguu wa kulia vinabaki huru kumchokoza na kumjibu anayepiga solo. Mwendo unaotokana na hayo ndio unaoitwa swingi. Hauandikiki vizuri kwenye karatasi, maana siri yake imo katika kuchelewa na kuwahi kwa kiasi ambacho noti haikionyeshi. Mtu huupata kwa kukaa karibu na anayeujua, na hili la ukaribu ndilo litakalobeba hoja yangu.

Oxley alizaliwa tarehe 15 Juni 1938 Sheffield, mji wa chuma na moshi kaskazini mwa Uingereza. Alijifundisha piano mwenyewe akiwa mtoto, na hakushika vijiti vya dramu mpaka alipofika miaka kumi na saba, umri ambao wenzake wengi walikuwa tayari wanalipwa kwa kupiga. Mwaka 1957 jeshi likamchukua kwa mujibu wa sheria ya wakati huo, akapangwa katika bendi ya kikosi cha Black Watch, kikosi kile kile cha Waskoti ambacho kati ya 1953 na 1955 kilikuwa Kenya katika vita dhidi ya Mau Mau. Hadi 1960 alikuwa humo, akisoma nadharia ya muziki kwa gharama ya serikali na kupiga ngoma ya gwaride siku nzima. Waandishi wengi hukipita kipindi hiki kwa sentensi moja. Ningependa tukisimamie kidogo, kwa sababu ngoma ya gwaride hufundisha kitu kimoja tu, nacho ni udhibiti wa kijiti: pigo la kulia na la kushoto lisitofautishwe na sikio, mviringo wa mapigo ushuke kutoka ngurumo hadi mnong'ono bila kukatika. Yeyote anayedhani kwamba Oxley wa baadaye alikuwa akitupa vijiti ovyo amsikilize akijua kwamba mikono hiyo ilipitia miaka mitatu ya bendi ya jeshi.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyowafanya Waingereza wa rika lake wawe na njaa ya pekee. Tangu 1935 mgogoro kati ya vyama vya wanamuziki vya Uingereza na Marekani, ukiungwa mkono na wizara ya kazi ya Uingereza, ulikuwa umezifungia mlango bendi za Marekani, na mlango huo haukufunguliwa hadi katikati ya miaka ya 1950. Kwa karibu miaka ishirini mpiga dramu wa Kiingereza alijifunza jazi kutoka kwenye santuri, au kwa kuomba kazi katika bendi za meli zilizokwenda New York ili akishuka huko aende kusikiliza. Santuri ina upungufu wake: humwoni mpigaji anavyokaa, huoni mguu unavyofanya. Mlango ulipofunguliwa, ulifunguka kwa masharti ya kubadilishana, mwanamuziki kwa mwanamuziki, na masharti hayo ndiyo yaliyozaa utaratibu ambao bila huo Oxley asingekuwa Oxley. Klabu ya Ronnie Scott's ilifunguliwa London mwezi Oktoba 1959, na kuanzia 1961 ilianza kuwaalika Wamarekani mmoja mmoja. Mpiga saksafoni alikuja peke yake na mkoba wake; piano, besi na dramu alivikuta pale. Watatu hao wenyeji walipaswa kumpokea mgeni huyu kwa wiki kadhaa kisha wampokee mwingine, kila mmoja na mwendo wake, nyimbo zake na hasira zake.

Kabla ya kufika London, hata hivyo, kuna ushahidi mkubwa wa wale wanaosimulia talaka, na haki lazima itendeke. Mwaka 1963 Oxley alianza kupiga na mpiga gitaa Derek Bailey, aliyekuwa akijipatia riziki katika kilabu ya usiku, na Gavin Bryars, mwanafunzi wa falsafa aliyepiga besi. Walikutana juu ya baa iitwayo The Grapes, mtaa wa Trippet Lane, wakajiita Joseph Holbrooke, jina la mtunzi wa Kiingereza aliyeandika muziki mwingi na kusahauliwa haraka. Ulikuwa utani wa watu waliojua kwamba Sheffield haikuwa inawatazama. Kwa miaka mitatu walipunguza kidogo kidogo mambo yaliyokubaliwa kabla ya kupiga: kwanza mfuatano wa kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja), kisha kipimo cha mapigo, mwisho wimbo wenyewe. Walikuwa wakisikiliza Webern wa Vienna, Messiaen na John Cage, watunzi wa muziki wa kisasa wa kuandikwa. Anayesema kwamba chanzo cha uhuru wao kilikuwa Vienna na si Harlem, mtaa wa Weusi wa New York, ana mahali pa kusimama, na si padogo.

Lakini kuna jambo linalonikatalia kukubali moja kwa moja. Sauti ya watatu hao kutoka miaka ile iliyotolewa hadharani ni rekodi moja ya mazoezi ya 1965, dakika kumi tu, na wimbo wanaoupiga humo ni wa John Coltrane, mpiga saksafoni Mmarekani Mweusi. Walikuwa wakiuvunja, ni kweli, na mtu anasikia mahali gitaa linapoacha kufuata kodi na dramu zinapoacha kuhesabu. Hata hivyo walikuwa wakivunja nyumba waliyoijua kila chumba. Coltrane mwenyewe, mwaka huo huo, alikuwa akivunja nyumba ile ile kutoka ndani. Vijana wa Sheffield hawakuwa wakienda upande wa pili. Walikuwa wakitembea katika barabara hiyo hiyo, nyuma kidogo, na wakati mwingine kwa mchepuko wao wenyewe.

Mwaka 1966 Oxley alihamia London, na baada ya muda akawa mpiga dramu wa nyumbani wa Ronnie Scott's, kazi aliyoishika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliopita mbele ya dramu zake ni wapiga saksafoni Sonny Rollins, Joe Henderson, Stan Getz, Lee Konitz na Charlie Mariano, na mpiga piano Bill Evans. Tufikirie maana ya orodha hiyo kwa mtu anayekaa kwenye kiti cha dramu. Rollins anaweza kuuacha wimbo katikati ya sentensi na kuingia mwingine bila kumwambia mtu; Konitz anapiga mstari mrefu usiopumua mahali unapotarajia, hivyo mpiga dramu anayepigia alama kila pumzi atajikuta peke yake; Evans anataka toazi linalosikika kama pumzi juu ya kioo. Mpiga dramu wa nyumbani anayepiga kila mgeni kwa mtindo mmoja anafukuzwa. Oxley alikaa miaka. Mtu aliyemudu kazi hiyo hakuwa mgeni katika swingi, na wala hakuikimbilia jazi huru kwa kushindwa na jazi ya kawaida.

Januari 1969 ndiyo inayolimaliza jambo hili kwa upande wangu. Katika mwezi huo mmoja Oxley alirekodi santuri mbili. Moja ni ya mpiga gitaa John McLaughlin, iitwayo Extrapolation, na humo dramu zinaendesha vipimo visivyogawanyika kwa mbili wala tatu kwa wepesi unaomfanya msikilizaji asitambue kwamba kuna hesabu ngumu inayoendelea chini yake. Nyingine ni yake mwenyewe, The Baptised Traveller, akiwa na Evan Parker, Kenny Wheeler, Derek Bailey na Jeff Clyne. Upande wa pili wa santuri hiyo kuna utunzi wa Charlie Mariano, Mmarekani yule yule aliyekuwa amempigia klabuni, na tarumbeta na saksafoni zinausogeza wimbo huo polepole sana, kama watu wanaobeba kitu kizito kwenye ngazi. Dramu hazihesabu chochote. Zinachakarika, zinagonga kidogo pembeni, zinanyamaza, zinarudi. Inachukua muda kugundua kwamba kila mchakariko unaangukia pale ambapo pumzi ya wapulizaji inaisha, na kwamba anayepiga analijua pigo lilipo kwa uhakika kiasi kwamba halazimiki kulipiga. Hakuna mtu anayebadili lugha katika wiki mbili. Lugha ilikuwa moja. Mwezi ule aliisema kwa namna mbili.

Nilimsikilizisha santuri hiyo ya pili mjomba wangu, ambaye katika ujana wake alipiga tumba kwenye bendi ya dansi na hana subira na muziki wa makelele. Alisikiliza huku kidole chake kikigonga mkono wa kiti, taratibu, bila kukosea, kisha akasema, "Huyu anahesabu, ila anaficha." Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu Ronnie Scott's.

Turudi kwenye hoja za upande wa pili, maana ipo ya taasisi ambayo ni nzito kuliko ile ya sauti. Wanaosimulia ukombozi wanasema: tazama walichojenga. Misha Mengelberg, Willem Breuker na Han Bennink walianzisha Instant Composers Pool, ushirika wa wanamuziki, huko Uholanzi mwaka 1967. Wajerumani wakaanzisha FMP, kampuni yao ya kurekodi, Berlin mwaka 1969. Oxley, Bailey na Evan Parker wakaanzisha kampuni ya Incus London mwaka 1970. Watu waliojikata kutoka kwa mfumo wa Marekani, hoja inasema, ndio wanaojijengea kampuni zao, matamasha yao na hata msamiati wao. Bailey alikwenda mbali zaidi: alikwepa kabisa kuyaita aliyoyapiga jazi, na katika kitabu chake kuhusu ubunifu wa papo hapo alipendekeza kwamba kuna muziki usio wa mtindo wowote, wa mtu na ala yake tu. Ninaheshimu msimamo wa Bailey kuhusu Bailey. Ila Bailey hakuwa msemaji wa Oxley, na watu wawili waliokaa chumba kimoja cha mazoezi si lazima watoke na nia moja.

Kuhusu taasisi, hoja hiyo inasahau nani alitangulia. Charles Mingus na Max Roach, Wamarekani Weusi, walikuwa na kampuni yao ya santuri, Debut, tangu 1952. Bill Dixon aliandaa New York mwezi Oktoba 1964 siku kadhaa za matamasha ya muziki mpya bila kumsubiri mwenye klabu yeyote, na yakatoka humo makubaliano ya wanamuziki ya kujisimamia wenyewe. Huko Chicago wanamuziki Weusi walianzisha AACM mwaka 1965, chama kinachofanya kazi hadi leo. Kujitegemea, basi, hakukuwa dalili ya kuachana na Wamarekani Weusi. Lilikuwa somo kutoka kwao, na lilikuja likiwa na anwani. Dixon yule yule ndiye ambaye Oxley alirekodi naye katika miaka ya 1990, wakati mwingine wakiwa wawili tu studioni, tarumbeta na vyuma. Na Anthony Braxton, mmoja wa watu wa AACM, alizunguka na Oxley mwaka 1989.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ambayo siku hizi haisemwi waziwazi lakini imekaa chini ya nyingine kama maji chini ya mkeka: kwamba Mzungu hana swingi katika damu yake, hivyo ilibidi atafute kitu kingine, na jazi huru ya Ulaya ni heshima aliyojipatia kwa kukiri upungufu wake. Inasikika kama unyenyekevu. Kwa kweli ni ubaguzi uliogeuzwa upande wa ndani, kwa sababu inakubali kwamba mdundo ni mali ya damu, na kwa kukubali hivyo inamnyima mpiga dramu Mweusi kazi yake: miaka ya mazoezi, kukopa, kusikiliza, kukosolewa. Philly Joe Jones, mpiga dramu Mmarekani Mweusi, hakuzaliwa akijua; alifanya kazi. Oxley naye alifanya kazi, akianza akiwa na miaka kumi na saba katika mji wa chuma, na orodha ya waliomkubali nyuma yao jukwaani inatosha kuonyesha kwamba damu haikuulizwa.

Hadithi ya ukombozi ina kosa jingine, la kuhesabu watu. Ulaya ile ilikuwa nani? Mwaka 1964 kundi la Blue Notes liliondoka Afrika Kusini kwenda tamasha la Antibes, Ufaransa, kwa sababu sheria za ubaguzi hazikuruhusu bendi ya Weusi watano na Mzungu mmoja kufanya kazi kwa amani, na mwaka uliofuata likafika London. Chris McGregor, Dudu Pukwana, Mongezi Feza, Johnny Dyani na mpiga dramu Louis Moholo waliingia katika mji ambao wapigaji wake vijana walikuwa wanajadili namna ya kuacha kuhesabu, wakawaonyesha kwamba mtu anaweza kuacha kuhesabu na bado watu wakainuka vitini. Moholo alipiga na karibu kila Mwingereza ninayemtaja katika makala hii. Alikaa uhamishoni hadi 2005 ndipo akarudi kwao. Feza hakurudi, alifia London Desemba 1975, akiwa kijana wa miaka thelathini. Wanaoiandika jazi huru ya Uingereza kama tunda la Webern na baa za Sheffield wanawaweka hawa katika tanbihi, kama wageni waalikwa, wakati walikuwa miongoni mwa waliojenga nyumba.

Kutoka upande mwingine kabisa kuna wanaoniambia kwamba nikikataa talaka nakaribisha shitaka baya zaidi: kama Oxley hakuondoka katika muziki wa Weusi, basi alikuwa akiutumia, na wazungu wakiutumia hulipwa zaidi. Shitaka hili silipuuzi. Kati ya 1969 na 1971 Oxley alitoa santuri mbili kwa CBS na moja kwa RCA, kampuni kubwa zenye pesa, kwa muziki ambao haukuwa na matumaini yoyote ya kuuzwa; Cecil Taylor, ambaye ni mmoja wa waliouanzisha muziki huo, alipitia vipindi virefu vya kukosa kurekodiwa, na kuna miaka aliosha vyombo migahawani. Tofauti hiyo haielezeki kwa kipaji. Lakini tukifuata pesa zaidi ya hapo picha inachanganyika. Kampuni zile kubwa ziliwaacha Waingereza mara tu zilipoona hesabu, na Incus ilikuwa biashara ya watu wanaobandika bahasha wenyewe. Oxley hatimaye alilazimika kuihama Uingereza, akaenda Ujerumani, ambako redio za umma na ruzuku za miji zilimwezesha mpiga dramu wa namna yake kulipa kodi ya nyumba. Na ni ruzuku hizo hizo za Kijerumani zilizomleta Taylor.

Hilo lilikuwa kiangazi cha 1988, Berlin Magharibi. FMP ilimkaribisha Cecil Taylor kwa wiki kadhaa na kumkutanisha na wapigaji wa Ulaya, wawili wawili na kwa makundi, kisha ikayatoa yote katika kasha moja la diski zaidi ya kumi na kitabu chake. Wapiga dramu waliopewa kila mmoja usiku wake na Taylor walikuwa watano: Han Bennink wa Uholanzi, Paul Lovens na Günter Sommer wa Ujerumani mbili, Louis Moholo wa Cape Town na Tony Oxley wa Sheffield. Kama kuna mtihani uliowahi kutungwa wa kupima hadithi ya talaka, ni huu, na nimeurudia mara nyingi. Bennink anamshambulia Taylor kama ndugu anayegombania chakula; Moholo anambeba. Oxley anafanya jambo ambalo wengine hawalifanyi. Taylor alipiga piano kama dramu themanini na nane, kwa mafungu ya noti yanayoporomoka, na mpiga dramu wa kawaida mbele yake hujikuta anashindana naye kwa wingi wa sauti. Oxley anahamia juu, kwenye kengele kubwa ya ng'ombe iliyosimamishwa kwenye kiunzi, kwenye matoazi madogo yenye sauti kali fupi, kwenye vipande vya mbao na chuma, akaiacha sehemu ya chini yote kwa mkono wa kushoto wa mpiga piano. Sauti zao haziingiliani. Unasikia kila kitu. Alichokifanya ni kile alichokifanya kwa Bill Evans walipopiga pamoja mwaka 1972: kutafuta mahali ambapo mwenzake hayupo na kukaa hapo.

Ufundi huo wa kumpisha mgeni una jina la zamani, nalo ni uenyeji, na Oxley aliupata klabuni. Taylor aliuelewa mara moja. Akaunda naye kundi la watatu, pamoja na William Parker kwenye besi, wakaliita Feel Trio. Watu hupenda kusema kwamba Taylor alimkuta Oxley kwa sababu wote walikuwa wamevuka jazi. Nasema walikutana kwa sababu wote wawili walikuwa bado ndani yake, katika chumba cha mbali ambacho wachache walikuwa wamefika.

Kwa nini basi ubishi huu uwe na umuhimu sasa, wakati wahusika wengi wamezikwa? Kwa sababu sasa ndipo wanapoingizwa katika mitaala na hifadhi za nyaraka. Vyuo vya muziki vya Ulaya vinafundisha jazi kama shahada, na mwanafunzi wa dramu anayeambiwa kwamba bara lake lilijikomboa mwaka 1968 ana ruhusa ya kuanzia hapo: ataweka chuma na vikuza sauti juu ya dramu zake kabla hajajua kuendesha toazi kwa dakika ishirini nyuma ya mtu mwingine. Atapata sauti ya Oxley na kuikosa hesabu iliyofichwa. Nyumba njema si mlango. Vivyo hivyo taasisi inayoamua nani awekwe katika historia ya jazi ya Ulaya, ikiamini talaka, itamhifadhi Bailey na kumwacha Pukwana, itahifadhi Ichnos, santuri ya Oxley ya RCA, na kuziacha mia kadhaa za usiku ambazo hazikurekodiwa, wakati kijana wa Sheffield alipokuwa akiwafuatisha Rollins na Henderson kwa mshahara wa wiki.

Feel Trio ilirekodi sana, lakini kazi yake kubwa ni kasha la diski kumi la mwaka 1990, la usiku mfululizo mbele ya watu waliokuwa wakila na kunywa. Mahali palikuwa Ronnie Scott's, Frith Street, London. Oxley alikuwa amerudi kwenye jukwaa lile lile alilolitumikia akiwa mwajiriwa, safari hii akimpokea Mmarekani aliyemchagua kwa jina. Walipiga pamoja hadi uzeeni. Mwezi Aprili 2016 jumba la makumbusho la Whitney huko New York lilimwandalia Taylor maonyesho, na Oxley, karibu kufikia miaka 78, akavuka bahari. Taylor alikuwa na miaka 87, akitembea kwa taabu hadi kwenye piano. Oxley hakupiga dramu siku hiyo. Alikaa nyuma ya meza ya vyombo vya umeme, akatoa sauti chache ndogo na kusubiri, uso umeelekea kwa mzee, apate kujua ni wapi pa kumpisha.